Maharage, vitunguu na sukari ya damu: nyuzilishe zinafanya kazi gani mwilini?

Ukipimwa sukari kwenye kituo cha afya na ikaonekana iko juu, mara nyingi utaambiwa upunguze wanga na ule nyuzilishe zaidi. Ukirudi nyumbani unakuta mahindi, maharage kidogo, mafuta na chumvi, ukajiuliza hizo nyuzilishe zinauzwa wapi. Nyingine unazo tayari. Nyingine pengine uliziuza sokoni juzi ili upate pesa ya kusaga.

Nyuzilishe ni ile sehemu ya vyakula vya mimea ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya. Hupita na kufika utumbo mpana, ambako wanaishi bakteria kwa matrilioni, na wengi wao hawana madhara. Nyuzilishe ambazo bakteria wenye faida huzila huitwa prebaiotiki, jina lililotolewa mwaka 1995 na wanasayansi Glenn Gibson na Marcel Roberfroid. Vitunguu maji na vitunguu saumu vina aina iitwayo inulini. Maharage, kunde, mbaazi na dengu zina rafinosi na stakiosi, na hizo ndizo zinazoleta gesi tumboni. Kwa hiyo gesi ile ni dalili kwamba bakteria wako kazini.

Sukari inashukaje?

Kwanza, wanga wa maharage umefungwa ndani ya kuta ngumu za seli, hivyo humeng'enywa taratibu na sukari huingia kwenye damu kidogo kidogo. Posho au foufou ya unga uliokobolewa, ikiliwa peke yake, huipandisha kwa haraka.

Pili, bakteria wakishakula nyuzilishe hutoa asidi fupi za mafuta: asiteti, propionati na butireti. Butireti ni chakula cha ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizi pia huamsha seli za utumbo zitoe homoni iitwayo GLP-1, ambayo huchochea kongosho kutoa insulini na huchelewesha chakula kutoka tumboni, nawe unashiba mapema. Mwaka 1982 David Jenkins na wenzake huko Toronto, Kanada, walionyesha kwamba watu waliokula dengu asubuhi sukari yao haikupanda sana hata baada ya chakula cha mchana. Maana yake, maharage ya asubuhi bado yanakusaidia saa kadhaa baadaye.

Na mafuta?

Ini hutengeneza nyongo kwa kutumia lehemu. Nyuzilishe zinazoyeyuka na kuwa kama ute, zikiwemo za maharage na shayiri, hushika sehemu ya nyongo na kutoka nayo chooni. Ini hulazimika kuchukua lehemu nyingine kwenye damu ili kutengeneza nyongo mpya, na hivyo lehemu mbaya hupungua. Kuhusu inulini na mafuta mengine ya damu, matokeo kwa binadamu ni madogo na hayafanani. Akija mtu na unga wa kopo akikuambia "unayeyusha mafuta na kuponya kisukari", tunza pesa yako.

Jambo hili lina historia hapa hapa Uganda. Madaktari Denis Burkitt na Hugh Trowell walifanya kazi nchini kwa miaka mingi. Waliona kwamba magonjwa mengi yaliyokuwa ya kawaida Uingereza yalikuwa nadra kwa watu waliokula vyakula visivyokobolewa, na katika miaka ya 1970 wakaieleza dunia umuhimu wa nyuzilishe.

Jikoni

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzilishe kwa siku. Ukisagisha mahindi bila kukoboa, umeanza vizuri. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa nguvu mpaka yaive kabisa. Kuloweka hupunguza gesi na huokoa kuni, jambo ambalo kila mama anayetafuta kuni analielewa kuliko mimi. Kama hukuzoea, ongeza kidogo kidogo na unywe maji ya kutosha.

Utasikia pia kwamba ugali au viazi vilivyopoa vina wanga sugu, ambao nao ni chakula cha bakteria. Ni kweli. Lakini bila friji, chakula kilicholala ni hatari ya kuhara, na sukushauri ukilaze kwa sababu hiyo.

Mtoto mdogo, hasa aliye na utapiamlo, hafai kujazwa vyakula vya nyuzi nyingi: tumbo lake ni dogo na hushiba kabla ya kupata nguvu. Fuata maelekezo ya wahudumu wa lishe.

Ikiwa unatumia insulini au glibenklamidi, usiache dawa wala kubadilisha kipimo mwenyewe kwa sababu umeanza kula maharage. Mwambie mhudumu unakula nini sasa, na siku ambazo mgao umechelewa umwambie pia, kwa sababu dawa ileile bila chakula inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Ukitetemeka, ukitoka jasho baridi au kuchanganyikiwa, au kipimo kikisoma chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL), kunywa maji yenye sukari mara moja, kula, halafu nenda kituoni siku hiyohiyo. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe kituoni.