Diski inapokataa kuchomwa kwenye laptopu

Mtu anaweza kusubiri robo saa mbele ya kompyuta yake, picha za harusi zikihamia kwenye diski, kisha ikamtokea sentensi moja tu: kazi imeshindikana. Lawama huangukia diski. Katika kompyuta za mkononi, hata hivyo, diski si mshukiwa wa kwanza.

Neno kuchoma halikutumika kwa mzaha. Sidii na DVD zenye herufi R zina tabaka jembamba la rangi, na joto la mwanga wa leza huiunguza rangi hiyo na kuacha alama zisizofutika. Ndiyo maana diski ya R iliyoharibika katikati ya kazi kwa kawaida ni ya kutupwa. Yenye herufi RW inaweza kufutwa na kutumiwa tena, mara elfu moja hivi.

Umeme kwanza

Laptopu inayotegemea betri hupunguza nguvu ili kuokoa chaji, na huweza kujizima kabla kazi haijakwisha. Inafaa ichomekwe kwenye umeme, na mpangilio wa kujizima uondolewe.

Tatizo huwa kubwa zaidi kwa kisanduku cha nje cha kuchomea diski, ambacho kimekuwa tegemeo la wengi kwa sababu laptopu nyingi mpya hazina tena mahali pa kuingizia diski. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampea 500, na leza inapochoma kifaa huweza kuhitaji zaidi ya hapo. Baadhi ya visanduku hivyo huuzwa na waya wenye vichwa viwili. Anayekiacha kichwa cha pili kikining'inia hushangaa kwa nini kifaa kinasoma vizuri lakini hakichomi.

Baada ya umeme ni kasi. DVD inayochomwa kwa 8x hudai megabaiti 11 hivi kila sekunde. Zamani, data zikichelewa kidogo tu, diski iliharibika. Mwaka 2000 kampuni ya Sanyo ilileta mbinu ya kuisimamisha leza na kuiendeleza pale ilipoishia, na mashine za baadaye zikawa na kinga ya namna hiyo. Bado ni busara kuchagua kasi ya wastani, kama 4x, kufunga programu nyingine, na kuyanakili mafaili kwenye kompyuta yenyewe kwanza badala ya kuyavuta kutoka kwenye flashi.

Diski na lenzi

DVD-R na DVD+R si kitu kimoja, na baadhi ya mashine za zamani hupokea aina moja tu. Ujazo nao hudanganya: pakiti husema gigabaiti 4.7, lakini kompyuta inayohesabu kwa 1,024 badala ya 1,000 huonyesha 4.38 hivi. Anayejaza mpaka 4.7 hukataliwa.

Ujumbe unaotaja kupima nguvu ya leza una maana yake. Kabla ya kuanza, mashine hujaribu leza kwenye sehemu ndogo iliyotengwa karibu na kitovu cha diski. Jaribio likishindwa, inafaa kutumia diski za kampuni nyingine, kisha kuiangalia lenzi. Katika laptopu nyingi lenzi hutoka nje pamoja na kidroo, ikapata vumbi na alama za vidole. Hupulizwa kwa hewa na kufutwa taratibu kwa pamba laini, bila kukandamizwa.

Hitilafu isiyo na ujumbe

Iliyo mbaya kuliko zote haitangazwi. Programu husema kazi imekamilika, mwenyewe anazifuta picha kwenye kamera, na wiki mbili baadaye jamaa aliyetumiwa diski anapiga simu kusema haifunguki. Pengine diski haikufungwa mwishoni, hivyo mashine ya sebuleni haiitambui. Pengine data ziliandikwa vibaya.

Programu nyingi za kuchomea zina chaguo la kuthibitisha, ambalo hulinganisha diski na mafaili ya asili. Huongeza muda, na kwa haraka wengi huliondoa. Lisiondolewe. Kisha diski ifunguliwe kwenye mashine nyingine, na picha za asili zisiguswe mpaka hapo.