Masista watatu wa Kamenge na swali letu la utajiri



Kikundi chetu kilikaribia kugawanyika kwa sababu ya neno moja: utajiri. Mhubiri mmoja alikuja kutueleza kwamba mkimbizi asiyekuwa na kitu ndiye tajiri wa kiroho. Halafu mwisho wa ibada akapitisha kapu, eti tupande mbegu. Wengine tulicheka. Wengine tulikasirika kabisa, maana mtu amelala njaa, halafu unamwambia mali si kitu, hayo ni matusi. Baada ya kubishana sana tukaamua kuacha kurushiana mistari ya Biblia. Tutafute watu walioishi neno hilo hapa hapa mjini. Ndiyo tukafika Kamenge.

Kamenge ni mtaa wa kaskazini ya Bujumbura, na wenyeji wanajua ulipitia nini. Rais Melchior Ndadaye aliuawa mwezi wa 10 mwaka 1993, vita ikaingia, mitaa ikagawanyika: huku Wahutu, kule Watutsi. Katikati ya moto huo kulikuwa na Centre Jeunes Kamenge, kituo cha vijana cha mapadre Wasaveri, wale ambao ninyi wa Uvira na Bukavu mnawajua. Kijana wa kabila lolote na dini yoyote aliingia kucheza mpira na kusoma vitabu. Mwaka 2002 kituo kilipewa tuzo ya Right Livelihood. Sisi wenyewe hatujui mahali pengi mjini ambapo mgeni haulizwi kwanza ametoka upande gani.

Kwenye parokia ya Kamenge, inayoitwa kwa jina la Mtakatifu Guido Maria Conforti, waliishi masista watatu Waitalia: Olga Raschietti, Lucia Pulici na Bernardetta Boggian. Shirika lao lilianzishwa Parma, Italia, mwaka 1945. Kabla ya Burundi, wote watatu walifanya kazi miaka mingi huko kwetu Kongo. Lucia alikuwa mkunga. Olga alifundisha watoto katekisimu. Walipovuka kuja Kamenge tayari walikuwa wazee, na mwaka 2014 kila mmoja alikuwa amepita miaka 70.

Hapa tulikaa sana, kwa sababu wengi wetu ni Waprotestanti na mambo ya nadhiri hatukuyajua. Sista anaweka nadhiri tatu: ufukara, useja na utii. Ufukara si kwamba hana kitanda au sahani. Ni kwamba hana kitu anachokiita changu. Gari ni la jumuiya, pesa ni ya jumuiya, hata zawadi ya ndugu zake inaingia kwa jumuiya. Sasa fikirini: mwanamke wa Italia, umri huo, nyumbani kwao kuna hospitali nzuri na ndugu wa kumtunza. Mali ya mwisho aliyobaki nayo ni miaka michache ya uzee wake. Hiyo nayo akaileta Kamenge.

Tarehe 7 mwezi wa 9 mwaka 2014, siku ya Jumapili, Olga na Lucia waliuawa ndani ya nyumba yao. Wenzao waliobaki walilala pale pale, na usiku huo huo Bernardetta naye akauawa. Polisi walikamata mtu mmoja baada ya siku chache, maneno mengine mengi yakasemwa redioni, na sisi wakimbizi tunajua mahali pa kunyamaza. Masista walisomewa misa hapa Bujumbura, kisha wakapelekwa kuzikwa Bukavu.

Dada mmoja wa kikundi chetu hakuridhika. Alisema: hao walichagua. Walikuwa na pasipoti, siku yoyote wangepanda ndege. Sisi umaskini ulitukuta barabarani, hakuna aliyetuuliza. Kweli, na hatukupata jibu haraka. Mtu aliyeacha mali kwa hiari yake na mtu aliyenyang'anywa si sawa, na mhubiri anayewachanganya anafanya kosa.

Lakini kuna kijana wa kwetu ambaye hakuwa sista wala padre. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akapata kazi nzuri OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Watu walitaka apitishe chakula kilichoharibika, wakampa pesa. Akakataa. Walimteka mwezi wa 7 mwaka 2007, na baada ya siku mbili maiti yake ikaonekana. Alikuwa na miaka 26, umri wa wengi wetu hapa. Tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 2025 alitangazwa mwenyeheri kule Roma.

Ninyi mnaogawa chakula mtaelewa haraka kuliko sisi. Kile chakula kibovu kingeishia wapi? Si kwenye meza ya matajiri. Floribert hakuwahubiria maskini wa Goma kwamba njaa yao ni baraka. Alikataa pesa ili wasile sumu. Na Lucia, alipoamka usiku kumzalisha mama, hakumwambia kwamba mwili si kitu. Wote wawili waliujali sana mwili wa mwenzao. Mfuko wao wenyewe ndio hawakuujali.

Basi tulimrudia yule mhubiri, kwa heshima, tukamwambia: baba, neno lako ni la kweli, lakini linapaswa kuanzia kwa mwenye kapu. Alinyamaza kidogo, akasema ataomba juu yake. Hajarudi bado. Tunamngoja.

Mada ijayo ni seminari ya Buta, mwaka 1997, wanafunzi walioambiwa watengane kwa kabila wakakataa. Kama mzazi wako au jirani yako alikuwa upande wa Bururi wakati ule na anakubali kusimulia, tuandikie, hata kwa sauti tu. Tutamwandikia sisi.