Hazina za Wenyeji na Shule Zetu

Watoto wanaosoma leo pasipo ada yafaa waelezwe fedha ya shule ilitoka wapi zamani. Mwaka 1926, wakati wa Gavana Sir Donald Cameron, Serikali ya Tanganyika iliweka sheria ya mamlaka za wenyeji. Ndipo hazina za wenyeji zikaenea: sehemu ya kodi ilirudi kwa watemi na wamangi, wawalipe makarani, watunze zahanati, wasaidie shule.

Kwa Wachagga na Wahaya shauri hili lilikuwa jema kweli, maana walikuwa na kahawa. Kilimanjaro wakulima walianza chama chao mwaka 1925, na KNCU ikaandikishwa mwaka 1933. Mzazi aliyekwisha kuuza kahawa aliweza kutoa ada, tena na mchango wa bati. Lakini Mgogo, ambaye mara nyingi mvua humnyima hata mtama, angechanga nini? Naye kodi alitozwa vilevile. Misioni nazo (tuseme kweli) zilijenga shule nyingi huko huko penye kahawa, hata pengo likazidi.

Mwaka 1972 Serikali ya Tanzania ilivunja halmashauri za wilaya, mambo yakaongozwa kutoka juu. Zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, na kodi ya maendeleo mwaka 2003. Hata baada ya hapo, shule za sekondari za kata zilijengwa kwa fedha ya Serikali pamoja na michango ya wanakijiji, wenye kahawa na wenye mtama.