Kutoka Kipande hadi Namba ya NIDA: Daftari la Serikali Humtumikia Nani?

Anayetoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro huipita Kibaha mjini kabla ya kufika Mlandizi. Kata ya Janga iko upande huo, katika Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani. Kwa mkulima wa Janga, serikali anayokutana nayo mara kwa mara ni ofisi ya mtendaji wa kijiji: meza, muhuri na daftari. Wakati huohuo, Kibaha ndiko kiliko kituo cha Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) cha kutunza kumbukumbu na kuzalisha vitambulisho. Kwa barabara, safari ya kutoka kwenye daftari lile hadi kwenye mitambo hii ni fupi. Katika historia ya utawala wetu imekuwa ndefu sana, na ndiyo ninayotaka tuitazame leo, ndugu msomaji, wakati kila hotuba inazungumzia serikali mtandao.

Tuanze mbali kidogo. Utawala wa Wajerumani ulipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, ulihitaji kujua nani anaishi wapi ili alipe. Mashamba ya walowezi nayo yalitumia kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi ambazo kibarua alitakiwa kuzijaza. Waingereza waliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa, na stakabadhi ya kodi ikawa ndiyo hati ya mwanamume mbele ya dola. Hata baada ya uhuru, kodi ya maendeleo iliyorejeshwa miaka ya 1980 iliendeleza mazoea hayohayo, hadi ilipofutwa mwaka 2003. Wazee wengi wanakumbuka jinsi mgambo walivyowasimamisha watu njiani kudai stakabadhi. Kwa karne nzima, kuandikwa katika kumbukumbu za serikali kulimaanisha kudaiwa. Si ajabu kwamba baadhi ya wananchi wetu bado huingiwa na hofu wanaposikia kwamba wanakuja kuandikishwa.

Kompyuta iliingia katika historia hiyo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa ajili ya hesabu za serikali. Matokeo yake yalivunja moyo. Hesabu zilivurugika, wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, na serikali ikarudi kwenye mashine za zamani za uhasibu. Mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ililegezwa kidogokidogo katika miaka iliyofuata. Leo wanafunzi wangu hucheka wakisikia habari hiyo. Mimi huwaomba wasicheke haraka. Waliopiga marufuku walikosea walipoifunga milango kwa muda mrefu hivyo, lakini waliona jambo ambalo sisi tumelisahau: chombo kipya kikiwekwa juu ya utaratibu mbovu huuharakisha ubovu ule.

Ushahidi wa karibu ni wa mwaka 2016. Rais John Magufuli alipoagiza uhakiki wa watumishi hewa, majina zaidi ya 10,000 yaliondolewa katika orodha ya mishahara kwa miezi michache tu. Orodha hiyo ilikuwa tayari ndani ya kompyuta. Mfumo uliwalipa wafu, wastaafu na watoro kila mwezi kwa uaminifu mkubwa, kwa sababu aliyepaswa kutoa taarifa ya kifo au utoro hakuitoa. Halikadhalika, halmashauri zilipogawiwa mashine za kukusanyia ushuru, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ziliendelea kutaja fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo bila kufika benki.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuishia kwenye lawama. Mfumo wa malipo ya serikali kwa njia ya kielektroniki, ulioanza mwaka 2017, umempunguzia mwananchi mzigo wa kweli. Mwenye kontroo namba hulipia huduma kwa simu akiwa nyumbani kwake, na fedha haipiti mkononi mwa karani. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa nguvu mamlaka inayosimamia mifumo hii, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imempa mwananchi haki ambayo babu yake mwenye kipande hakuwa nayo.

Lakini mfano unaonifundisha zaidi ni wa vyeti vya kuzaliwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa. Mzazi alilazimika kwenda makao makuu ya wilaya, kulipa ada, kisha kurudi tena. Mwaka 2013, kuanzia Mbeya, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) na washirika wake walibadilisha utaratibu. Usajili wa watoto hao ulihamishiwa katika ofisi za watendaji wa kata na vituo vya afya, ada ikaondolewa, na mzazi akaondoka na cheti siku hiyohiyo. Taarifa zilitumwa kwa simu ya mkononi. Cheti chenyewe kiliandikwa kwa kalamu.

Kalamu ile inastahili kutazamwa vizuri. Sehemu ya kidijitali katika mpango huo ilikuwa ndogo na ya bei nafuu. Kilichomfikia mama wa kijijini ni uamuzi wa kiutawala: kumwamini mtendaji wa kata, kuondoa ada na kufupisha safari. Simu ilikuja kuusaidia uamuzi uliokwisha kufanywa.

Sasa tulinganishe na kitambulisho cha taifa. Sheria ya kuandikisha na kutambua watu ilipitishwa mwaka 1986, NIDA ikaanzishwa 2008, na vitambulisho vikazinduliwa Februari 2013. Mwaka 2019 serikali ikaamuru laini zote za simu zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Misururu ikawa mirefu kiasi kwamba tarehe ya mwisho ikasogezwa kutoka Desemba 31 hadi Januari 20, 2020. Sharti lilifika kwa mwananchi kabla ya huduma kumfikia. Asiye na namba alikabiliwa na hatari ya kupoteza laini, na pamoja nayo akiba yake iliyomo ndani ya simu. Hapo ndipo nilipousikia tena mwangwi wa stakabadhi ya kodi.

Kwa hiyo mtumishi wa umma anayeandaa mfumo mpya leo angefanya vyema kumuwazia mkazi mmoja wa Janga ambaye jina lake limekosewa herufi moja katika kumbukumbu. Ataurekebisha wapi upungufu huo? Kwa nauli ya nani? Mtendaji wake wa kijiji ana mamlaka ya kupokea ombi lake na kulifuatilia, au naye ataishia kumwelekeza mjini? Kosa hilo dogo laweza kumzuia mjane kupata mafao au kijana kupata mkopo wa masomo. Wanaharakati nao wasitosheke kudai mifumo zaidi. Wadai kwamba kila sharti la kidijitali litanguliwe na huduma iliyokwisha kufika katika kata, na kwamba haki ya kusahihisha taarifa ipatikane palepale ambapo mtu aliandikishwa. Hilo linahitaji waraka, mafunzo na bajeti ya kata, mambo ambayo serikali yetu inayaweza tangu sasa.