Kofia ya Boxer

Riwaya ninayoiandika ina jiji ambalo watu wote huvaa sare ya kijivu. Nilijiona mkali kweli kweli. Nikamsomea mama sura ya kwanza, naye yuko kwenye cherehani yake. Akauliza moja tu: "Na mkubwa wao, mwanangu, naye anavaa hiyo hiyo?" Sikuwa na jibu. Ikabidi nirudi vitabuni.

Kumbe hata hiyo sare si wazo langu. Mrusi Yevgeny Zamyatin, katika riwaya ya Sisi aliyoiandika kati ya 1920 na 1921, aliwavika raia wake sare ya buluu-kijivu na kuwaita kwa namba. Aldous Huxley, mwaka 1932, akagawa rangi kwa matabaka: Alpha kijivu, Delta kaki, Epsilon wa chini kabisa nyeusi. Ukimwona mtu kwa mbali umeshajua kazi yake.

Lakini aliyemjibu mama ni George Orwell, katika kile kitabu chembamba cha 1945 alichotutafsiria Fortunatus Kawegere mwaka 1967, Shamba la Wanyama. Wengi, ndugu msomaji, mnakumbuka nguruwe na amri zao. Mimi nakumbuka kofia. Mara tu baada ya mapinduzi, tepe za farasi zinatupwa motoni, eti nazo ni nguo, na nguo ni alama ya binadamu. Boxer, yule farasi mchapakazi, kusikia hivyo anakwenda kuleta kofia yake, ile inayomkinga na nzi masikioni wakati wa joto, naye anaitupa humo humo. Hakulazimishwa na mtu! Ameamini. Amri ya kukataza nguo inaandikwa ukutani kesho yake.

Miaka inapita. Nguruwe wanapewa ruhusa ya kufunga utepe wa kijani mkiani kila Jumapili. Mwishowe Napoleon anatoka nje na koti jeusi la bwana shamba wa zamani, na jike wake kipenzi kavaa gauni la hariri la bibi. Boxer wakati huo keshauzwa kwa mchinja farasi.

Katika 1984, kitabu cha mwaka 1949, Orwell anaweka tofauti wazi: wanachama wa kawaida ovaroli za buluu, wakubwa nyeusi. Ila Julia ni mjanja, bwana. Anajifunga kiunoni mkanda mwekundu wa vijana wanaopinga ngono, na nyuma ya mkanda huo anapenda anavyotaka.

Sura yangu ya kwanza nimeichana. Sasa inaanza na mzee anayepeleka koti lake la mvua motoni, kwa hiari yake, mwezi mmoja kabla ya masika.