Kilima cha Makerere na Bonde la Kalerwe

Nikisema nasoma Makerere, watu wa nyumbani hunisikiliza kwa heshima. Nikiongeza kwamba nimepanga chumba Kalerwe, hucheka. Nikajiuliza: sifa ya chuo hutoka wapi?

Makerere ilianza mwaka 1922, ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki, wanafunzi wake wakipata shahada za London. Kilima kiliipa hadhi, lakini maisha ya bwenini ndiyo yaliyoipa jina. Vijana wa Uganda, Kenya na Tanganyika walikula pamoja, wakalala pamoja na kubishana pamoja. Julius Nyerere alisoma hapo, na Mwai Kibaki pia. Mwaka 1952 wanafunzi waligoma kwa sababu ya chakula. Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana hapo, na Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa bado mwanafunzi, alikuwa miongoni mwao.

Miaka ya 1990 chuo kilifungua milango kwa wanaojilipia karo. Mabweni hayakutosha, wanafunzi wengi wakateremka mabondeni. Hapa Kalerwe mvua ikinyesha mtaro hufurika, nami huenda darasani viatu mkononi. Lakini jioni, tukisubiri chapati kando ya soko, tunabishana kama wale wa zamani.

Kwa hiyo naona jina la Makerere lilijengwa na watu walioishi pamoja, si kilima peke yake. Anayeandika historia yake leo akiishia getini, ameandika nusu.