Ozzie Smith: Shotistopu Aliyejenga Jina kwa Glavu

Katika besiboli ya Marekani, sifa nyingi humwendea anayepiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja. Ozzie Smith aliuvusha mara 28 tu katika misimu 19 ya ligi kuu. Hata hivyo, mwaka 2002 aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la mchezo huo, mara ya kwanza tu jina lake lilipopigiwa kura.

Smith alizaliwa mwaka 1954 mjini Mobile, Alabama, akakulia Watts, Los Angeles. Mwaka 1978 alianza kuichezea San Diego Padres kama shotistopu, yaani mlinzi wa eneo lililo kati ya kituo cha pili na cha tatu. Wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia, na mipira yao ya chini huelekea huko, hivyo nafasi hiyo haina mapumziko.

Aprili 20 mwaka huo alijirusha kuufuata mpira uliopigwa na Jeff Burroughs wa Atlanta. Ukadunda vibaya, ukataka kumpita. Akiwa bado hewani aliudaka kwa mkono usio na glavu, akainuka, akaurusha kituo cha kwanza na kumtoa Burroughs. Mwaka 1980 pasi zake zilichangia kuwatoa wapinzani mara 621, rekodi ya msimu mmoja kwa mashotistopu.

Udhaifu wake ulikuwa gongo. Kabla ya msimu wa 1982, Padres walimpeleka St. Louis Cardinals, wao wakamchukua Garry Templeton. Kocha Whitey Herzog alijua anachotaka: uwanja wa Cardinals ulikuwa wa nyasi bandia, mpira ulikimbia mno, na timu ilihitaji walinzi wepesi. Mwaka huohuo Cardinals wakatwaa ubingwa kwa kuifunga Milwaukee Brewers.

Gongo nalo likanolewa. Oktoba 1985, dhidi ya Los Angeles Dodgers, matokeo yakiwa 2-2, Smith alivusha ukuta mpira uliorushwa na Tom Niedenfuer na kumaliza mchezo. Hakuwa amewahi kuvusha ukuta akipiga kwa upande wa kushoto. Mwaka 1987 alifikisha wastani wa upigaji wa .303 bila kuvusha ukuta hata mara moja, akawa wa pili katika kura za mchezaji bora wa ligi yake.

Alistaafu mwaka 1996 akiwa na Glavu za Dhahabu 13, tuzo za ulinzi bora, zote za mfululizo. Anayewapima wachezaji kwa pointi walizofunga pekee atamkosea Smith: thamani yake ilikuwa katika zile alizowanyima wapinzani.